Mlango wa switi: kisa cha malazi ya siku tatu katikati ya Kampala

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi. Nyanya yangu mzaa mama ameketi kwenye kochi la ukumbi wa hoteli, buibui limekunjamana kwa safari ya usiku kucha kutoka Nairobi, miguu imevimba hadi kanda za makubazi zimeacha alama. Kando yake kuna kikapu cha ukindu chenye halua, ambacho askari wa getini alikipitisha mara mbili kwenye mashine kwa kuwa hakuelewa lile donge zito lilikuwa nini. Mjomba yuko mapokezi, anazungumza Kiingereza cha karani mstaafu wa bandari ya Kilindini: kimenyooka, ni cha barua, na hasira yake imepigwa pasi.

Binti wa mapokezi akamgeuzia skrini ajionee mwenyewe. Muda wa kuwasili: 01:00.

Mjomba akaniangalia. Mimi nikamwangalia mkazamjomba. Yeye akatazama dari, maana aliyejaza fomu ile kule Mombasa ni bintiye, na kwa bintiye, kama ilivyo kwetu sote, basi linaloingia Kampala kukipambazuka linaingia saa moja. Akachagua 1:00. Kompyuta ikasoma saa saba za usiku. Kwa hesabu za hoteli, wageni hawa walitarajiwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na chumba chao wakati huo kilikuwa na mtu mwingine ndani, bado amelala.

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote mahali pamoja kwa sababu ndugu na marafiki wa pwani wenye safari za Kampala wananiuliza habari zake kila wiki, na nimechoka kueleza vipande vipande kwa WhatsApp. Jina la hoteli nimeliacha. Ni ya kampuni yenye matawi nchi nyingi, iko katikati ya jiji, na haikutuibia. Hilo naliweka mbele mapema, maana mjomba anavyosimulia yeye ni vingine.

Chumba na sebule

Mjomba alikuja kama baba wa bwana harusi. Mwanawe anafanya kazi hapa, amempata binti wa Kiganda, Mwislamu, na Jumamosi ile ilikuwa kwanjula, siku ambayo upande wa mwanamume unakwenda nyumbani kwa mwanamke kujitambulisha rasmi, wanaume na kanzu zao, zawadi mbele, na msemaji wa kukodi anayewatolea maneno. Kabla ya siku hiyo, ssenga wa binti alituma salamu. Ssenga ni shangazi upande wa baba, na kwenye ndoa ya Kiganda neno lake ni zito. Alitaka kuja na wazee wachache kuwaamkia wageni wa pwani, Ijumaa baada ya Magharibi.

Waje wapi? Mimi ninakaa Old Kampala, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, lifti hakuna na taa ya ngazini huwaka ikipenda. Nyanya hawezi kupanda. Na hata angeweza, mjomba asingekubali kuwapokea wakwe kwenye nyumba ya kupanga ya mpwa wake, pembeni kumepangwa maboksi ya spea. Nina kibanda soko la Kisekka, na mzigo ukizidi huhamia nyumbani.

Kwa hiyo mahitaji yalikuwa wazi: lifti, kitanda cha nyanya, na mahali pa kukaribisha watu wazima bila wao kuona mtu analala wapi. Tangazo la nyumba lingesema chumba na sebule. Hoteli wanaita switi. Na hapo ndipo tulipoteleza sote, kwa kudhani ni kitu kimoja.

Binti ya mjomba alipata kwenye tovuti ya kuuza nafasi za hoteli kitu kilichoitwa junia switi, dola 180 kwa usiku. Picha ilikuwa na kochi la rangi ya kijivu, meza ya kioo, zulia, na dirisha kubwa lenye jiji lote chini yake. Aliyepiga picha ile alikuwa amekipa kitanda mgongo.

Junia switi, kwa hoteli nyingi za aina hii, ni chumba kimoja kikubwa. Kitanda upande huu, kochi upande ule, katikati pengine kuna kabati la televisheni au ukuta nusu unaoishia kiunoni. Switi yenye sebule yake, iliyotengwa kwa ukuta mzima na mlango wa kufunga, mara nyingi huandikwa switi ya chumba kimoja cha kulala, au hupewa jina la heshima ambalo halikwambii chochote. Jina kubwa halimaanishi ukuta. Nimeona switi za bei ya juu ambazo sebule imetenganishwa kwa pazia. Ukitaka kujua, uliza swali moja tu: kati ya kitanda na kochi kuna mlango? Mhudumu akijibu kwa kukutajia ukubwa wa televisheni, umeshajibiwa.

Asubuhi ya ukumbini

Kwanza tumalize habari ya saa, ni fupi. Hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia saa nane mchana. Anayefika na basi la usiku ana njia mbili za kuwa na uhakika: alipe usiku uliotangulia, yaani aingie kwenye orodha tangu Jumatano ingawa atafika Alhamisi, au akubaliane kwa maandishi juu ya ada ya kuingia mapema, ambayo mahali pengine ni nusu ya bei ya usiku. Vinginevyo unategemea huruma na usafi: kama kipo chumba kitupu kilichokwisha kusafishwa, utapewa. Kampala ikiwa na mkutano mkubwa, hakipo.

Binti wa mapokezi, tulipomweleza kilichotokea, alicheka hadi akaziba mdomo. Kwao saa nane ni ssaawa munaana, wanahesabu kama sisi kuanzia jua linapotoka. Tatizo ni kwamba kompyuta yake haijui Luganda wala Kiswahili. Siku hizi nikimwandikia mtu wa hoteli naweka neno asubuhi au usiku, kisha naandika saa ishirini na nne za kompyuta: 07:00.

Kiswahili chenyewe tulikipata getini tu. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kwenye kaunta ni Kiingereza na jikoni ni Luganda. Anayekijua ni askari, kwa kuwa jeshini na polisi ndiko kilikotumika miaka yote. Ndiye aliyekuja kuzungumza na nyanya kila zamu yake ilipomruhusu, na ndiye aliyemletea kiti kidogo cha kuinulia miguu. Nyanya alimkatia kipande cha halua. Ndipo askari alipojua lile donge ni nini.

Saa tano kasoro chumba kikawa tayari. Nilipanda na mkazamjomba kwanza, wengine wakabaki chini. Alisimama kizingitini akatazama kitanda, akatazama kochi, akapima kwa macho hatua zilizopo katikati. Zilikuwa nne.

"Mwanangu," akaniambia, "wageni wakikaa hapa, mama nimfiche wapi? Nimfunike shuka?"

Hakuingia. Tukashuka.

Meneja wa zamu

Nilimwomba binti wa mapokezi aniitie meneja wa zamu, na hili ni jambo nililolifanya vizuri katika kisa kizima, kwa hiyo niachieni nijisifu kidogo. Mhudumu wa mapokezi anaona vyumba vilivyopo, ila bei ya chumba kitupu haimo mikononi mwake. Meneja wa zamu anaweza kuamua. Mimi spea yangu isipouzwa leo nitaiuza mwezi ujao. Chumba kisipopata mtu usiku wa leo, usiku huo haurudi tena rafuni. Meneja yeyote anaijua hesabu hiyo, na saa tano asubuhi ya Alhamisi anajua vilevile ni vyumba gani vitalala vitupu.

Sikumlalamikia. Nilimwambia tunapokea wakwe kesho jioni, tunahitaji mlango, na tuko tayari kulipa tofauti. Neno wakwe lilifanya kazi kubwa. Ni Mganda, ana dada zake, anajua ssenga ni nani. Akasema vyumba viwili vyenye mlango wa kupitiana, ambavyo ndivyo nilivyovifikiria kwanza kwa sababu ya nyanya, havikuwepo ghorofa yoyote. Ila kulikuwa na switi moja yenye sebule kamili, tupu hadi Jumapili.

Bei ya ubaoni ya switi ile ilikuwa mbali. Akatupa kwa nyongeza ya dola 40 kwa usiku juu ya zile 180, na ada ya kuingia mapema akaifuta. Kitu kimoja alikataa kukigusa: nafasi ya awali. Ilikuwa imenunuliwa kupitia tovuti, kwa hiyo idadi ya watu, masharti ya kufuta na bei ya msingi vilikuwa mkataba wa tovuti. Yeye angeweza kuongeza juu yake, asingeweza kubadilisha kilichokuwa chini. Hata pointi za uanachama wa hoteli, ambazo mjomba alizisoma kwenye bango la lifti akazitamani, kwa kawaida hazitolewi kwa aliyenunua kwa mtu wa kati.

Mjomba akataka kupiga simu makao makuu ya kampuni, huko ng'ambo. Nilimzuia, si kwa ustaarabu, ila kwa kuwa ingekuwa kazi bure. Kampuni hizi mara nyingi haziimiliki hoteli yenye jina lao. Jengo ni la tajiri mwingine, wao wanamkodisha jina, kanuni na mfumo wa kuuzia vyumba, au wanamwendeshea kwa mkataba. Lalamiko likifika ng'ambo hurudishwa kwa meneja yuleyule uliyemruka. Kampala ni mahali pazuri pa kuliona hili, maana majengo yake ya hoteli yamebadili majina kama watu wanavyobadili laini za simu. Lile lililofunguliwa 1967 kama Apolo Hotel, kwa jina la Apolo Milton Obote, likawa Kampala International enzi za Amin, na leo linaitwa Sheraton, jina ambalo nalo tangu 2016 ni mali ya Marriott. Nile Hotel, iliyohusiana na mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika wa 1975, ndipo ilipo Serena tangu 2006. Hatukulala katika mojawapo ya hizo mbili, nazitaja kwa historia tu. Mwenye funguo ni mmoja na mwenye bango ni mwingine, na siku ya shida utamhitaji mwenye funguo.

Kadi imekataa

Mpaka hapo kila mtu alikuwa ametabasamu. Shida yenyewe tulikuwa tumeshaibeba mfukoni bila kujua.

Tulipofika asubuhi, kabla ya mabishano ya saa, mapokezi walichukua kadi ya mjomba "ya usajili tu." Wakashikilia dola 825. Ilikuwa bei ya siku tatu za junia switi pamoja na kodi, na juu yake dola 50 kwa kila usiku kama dhamana ya vinywaji, dobi na mengineyo. Kushikilia si kukata. Hoteli inaiomba benki yako iitenge pesa hiyo, hesabu ifungwe siku ya kuondoka, kinachobaki kiachiliwe. Mwenye kadi ya mkopo hahisi chochote, kwa kuwa kinachofungwa ni kiwango chake cha kukopa. Kadi ya mjomba ilikuwa ya akaunti. Kilichofungwa ni pesa zake mwenyewe, zile alizoziweka tangu mwaka jana kwa ajili ya shughuli hii.

Kisha tukahamishiwa switi yenye mlango. Mfumo ukaona chumba kipya chenye bei mpya, ukadai idhini mpya, kadi ikapitishwa tena: dola 1,085. Ile ya kwanza hakuna aliyeigusa. Kwa hoteli ipo njia ya kuongeza juu ya idhini iliyopo bila kuanza upya, lakini inahitaji mhudumu anayeijua na asiye na foleni mbele yake. Mjomba alipanda lifti akiwa ameridhika, na nyuma yake dola 1,910 zimefungiwa, kwa chumba kimoja.

Tulilijua Ijumaa, saa nne na nusu, dukani kwa mwuza gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Kiganda. Mkazamjomba alikuwa ameshachagua gomesi nane kwa ajili ya kina mama wa upande wa pili, kila moja na mshipi wake, na kanzu za wazee. Kanzu za hapa zina tarizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, na mjomba alikuwa amechukua dakika kumi nzima akimwelewesha muuzaji kwamba vazi hilo lilitoka kwetu na wafanyabiashara wa pwani, wao wakaongeza uzi tu. Hesabu ilikuwa shilingi za Uganda milioni mbili na laki nne. Akatoa kadi kwa madaha.

Imekataliwa.

"Jaribu tena," mjomba akasema.

Ikakataa. Akaifuta kadi kwa kanzu yake, akaitoa tena. Mara ya tatu muuzaji hakuipitisha. Aliweka kiganja juu ya furushi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akatuambia hakuna haraka. Heshima yake ilituumiza kuliko angetufukuza.

Nilichukua boda hadi Kisekka, nikatoa pesa nilizokuwa nimeweka za kulipia mzigo wa Jumatatu, nikarudi. Tukirudi hotelini mjomba akawa anapiga simu benki Mombasa, na huko ndiko alikosomewa mistari miwili, ya 825 na ya 1,085, hoteli ileile, tarehe ileile. Mchana mhasibu wa hoteli aliomba radhi kweli kweli, akatuma ombi la kuifuta ile ya kwanza mbele ya macho yetu, akatupa karatasi yenye namba ya idhini. Lakini hoteli ikishaachilia, pesa hurudi kwa mwendo wa benki yako. Kulikuwa na Jumamosi na Jumapili mbele.

Nikiulizwa kosa hasa la hoteli ni lipi katika kisa hiki, nataja hili peke yake. Bei waliisema, masharti waliyaandika. Hili la kufungia pesa za mtu mara mbili hawakulisema hata kwa nusu sentensi, na kumwambia mteja "ya usajili tu" ni kumfanya asiulize.

Ijumaa baada ya Magharibi

Walikuja tisa. Tulitarajia watano.

Sebule ilikuwa na kochi la watu watatu, viti viwili vya mikono, meza ya kuandikia na kiti chake. Meneja alikuwa ametutumia viti vinne vya ukumbi wa mikutano bila kuombwa. Juu ya meza ndogo, birika moja la umeme, vikombe viwili, na vijipakiti vya kahawa ya unga ambavyo mkazamjomba alivitazama kwa huruma. Kuagiza chai ya watu tisa kutoka jikoni kungeongeza bili na ada ya kupandishiwa trei. Yeye alikuwa amekuja na kahawa yake, tangawizi imeshatwangwa. Akamwita kijana wa usafi koridoni, akamwonyesha vidole saba. Kijana akaleta vikombe saba, vijiko, na sukari kwenye bakuli. Birika lile likachemka mara tano mfululizo, halua ikakatwa juu ya sahani ya sabuni iliyooshwa mara mbili. Hakuna aliyejua ni ya sabuni isipokuwa mimi.

Ssenga aliingia, akapiga magoti juu ya zulia la hoteli mbele ya mjomba. "Musiibye mutya, ssebo." Mjomba alishtuka akanyanyuka nusu, mikono imetangulia mbele kutaka kumwinua, nami nikamvuta kanzu akae. Kwao mwanamke huamkia hivyo. Akaitikia kwa Kiswahili, ssenga naye akajibu kwa Kiswahili kidogo alichokisikia kwa marehemu mumewe, askari magereza, na baada ya hapo mambo yakaenda.

Baada ya salamu kina mama waliingia chumbani kwa nyanya, mlango ukafungwa. Sisi wanaume tukabaki sebuleni kupanga magari ya kesho na nani atatangulia kuingia. Nyuma ya mlango tukasikia kwanza minong'ono, halafu kimya, halafu kicheko kirefu cha nyanya ambacho sijakisikia tangu babu afariki. Walikaa humo saa nzima. Walichozungumza sikijui hadi leo, ila walipotoka ssenga alikuwa amevaa leso ya nyanya begani na mambo mawili ya mahari yaliyokuwa bado yanaelea yalikuwa yamekwisha.

Ule mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, kitasa chake kimelegea. Dola 40 kwa usiku.

Bili ya Jumapili

Hesabu naiweka hapa kama ilivyochapwa, maana ndiyo watu huniuliza. Switi, siku tatu kwa 220: dola 660. Kitanda cha ziada cha nyanya, 30 kwa usiku: 90. Jumla ndogo 750. Ada ya huduma asilimia 5, dola 37.50. VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo viwili, dola 141.75. Kodi ya hoteli ya halmashauri, dola mbili kwa usiku, 6. Jumla kuu dola 935.25. Mtoto wa mjomba wa miaka saba, aliyekuja nao, alilala na wazazi, hakulipiwa.

Binti ya mjomba alikuwa amemwambia baba yake dola 540. Tofauti ni 395.25, na mjomba aliisoma mbele ya kaunta kwa sauti ya kuhutubia. Lakini ichambue. Mlango ulichukua 120. Kitanda cha nyanya 90, na hicho kingelipwa hata kwenye junia switi, kwa sababu fomu ilisema watu wazima wawili na walikuja watatu. Zilizobaki, 185.25, ni kodi na ada, ambazo tovuti ilizitaja kwa herufi ndogo chini ya bei. Wengine huweka alama mbili za kujumlisha baada ya bei, na maana yake ni hiyohiyo: ongeza huduma, ongeza VAT.

Wiki iliyofuata nilipiga simu hoteli kama mteja mwingine, nikauliza switi yenye mlango, watu wazima watatu na mtoto, siku tatu, kodi zote ndani. Nikaambiwa dola 290 kwa usiku, jumla 870. Yaani kwa kupitia tovuti na mapokezi na meneja tulipoteza dola 65 na senti. Pesa hizo si za kulilia. Kilichomchosha mjomba ni kukutana na kila mstari kwa kushtukizwa, na pesa nyingine zikiwa zimefungwa palipo mbali na mkono wake.

Kuna jambo dogo lilitokea pale kwenye mashine ya kadi ambalo lingeweza kutuuma zaidi. Mashine iliuliza: ulipe kwa dola au kwa shilingi za Kenya? Mjomba kidole kilishakwenda kwenye shilingi za kwao, inavutia, mtu anaona tarakimu anazozijua. Nikamshika mkono. Ukichagua pesa ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na upande wa mashine, pamoja na faida yao. Chagua sarafu ya bili, benki yako ibadilishe yenyewe. Nilisisitiza pia bili ifungwe kwa kadi ileile iliyoshikiliwa. Ukilipa taslimu au kwa simu, ile idhini hubaki ikining'inia hadi mtu akumbuke kuifuta. Risiti tuliipata ya EFRIS, ule mfumo wa mamlaka ya mapato ulioanza kutumika rasmi 2021, yenye namba yake na mraba wa kupiga picha. Mjomba aliikunja akaitia kwenye pasi yake ya kusafiria, mahali anapoweka vitu vya ushahidi.

Lawama

Kila mtu ana mtu wake wa kumlaumu. Mjomba analaumu hoteli. Mkazamjomba analaumu tovuti, ili asimlaumu bintiye. Binti anasema yeye aliandika saa moja kama saa moja, na hapo sina la kumjibu.

Mimi najilaumu mwenyewe, na nadhani niko sahihi. Toka kibandani kwangu hadi hoteli ile ni dakika kumi kwa boda. Nilikuwa na wiki tatu. Ningefika, nikaomba kuonyeshwa chumba, jambo ambalo hoteli yoyote isiyojaa hulikubali, ningesimama kizingitini na kuhesabu zile hatua nne alizohesabu mkazamjomba kwa sekunde tatu. Ningeuliza watashikilia kiasi gani kwenye kadi, nikaweka yangu. Badala yake nilitumiwa picha ya kochi la kijivu nikajibu kwa kidole gumba.

Wapo walioniambia tungekodi fleti ya siku Kololo au Ntinda, vyumba viwili na jiko, kwa nusu ya pesa. Kwa watu watano wa rika langu, naam. Kwa nyanya, na kwa ssenga anayekuja mara ya kwanza, nisingebadilisha. Usiku wa Ijumaa umeme ulikatika mara mbili, na mara zote mbili jenereta liliwaka kabla birika halijapoa.

Ile 825 ilirudi kwenye akaunti siku ya sita ya kazi. Ziada ya ile ya pili ilirudi kesho yake. Mjomba hakusema neno kwenye simu kuhusu pesa zangu za mzigo, akaniuliza tu habari za biashara na kama mvua inanyesha. Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, kiasi kizima, hadi shilingi ya mwisho, na juu yake kidogo. Nikampigia kumwambia amezidisha.

"Hiyo," akasema, "ni ya kutolea."